Wazee wa mwaka 2070 wamekwisha kuzaliwa

Mwalimu wa Bahi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Mwaka 2022 nilikuwa mmoja wa makarani wa sensa katika kata moja ya vijijini, upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma. Kati ya kaya zote nilizozipitia, kuna moja ambayo sijaisahau mpaka leo. Bibi mwenye kaya alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mkwaju, akipeta mtama. Nilipomwuliza umri wake alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Andika sabini, mjukuu wangu." Nilisita kuandika, kwa sababu mtu asiyeujua mwaka wake wa kuzaliwa mara nyingi huangukia kwenye tarakimu inayoishia na sifuri au tano, ndiyo maana ukiwapanga watu wa nchi kwa mwaka mmoja mmoja wa umri utaona vilima kwenye 30, 40, 50 na 60, na mabonde pembeni yake. Basi nikamwuliza alikuwa na watoto wangapi wakati wa Operesheni, watu walipohamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akaacha kupeta. Akasema kwamba siku walipoiacha tembe yao, mtoto wake wa kwanza alitembea kwa miguu akiwa ameshika kanga yake, na wa pili alikuwa mgongoni. Tukahesabu pamoja, na kishikwambi kikapokea miaka 73.

Katika kaya ile, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti walilala watu tisa: bibi, binti yake wa miaka 38, na watoto saba, mkubwa wao akiwa na miaka 13 na mdogo akiwa na miezi minne. Baina ya miaka 13 na 38 hapakuwa na mtu hata mmoja. Wanaume wawili na dada mmoja wa rika hilo walitajwa kwa majina tu. Mmoja alikuwa Dar es Salaam na wengine walikuwa mjini Dodoma, na kwa kuwa hawakulala pale, walihesabiwa huko huko walikolala. Yule mama wa miaka 38 ndiye aliyelima, aliyechota maji, aliyepeleka mtoto kliniki na aliyemtazama mama yake.

Tumezoea kuzungumzia idadi ya watu kwa jumla yake. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120, yaani mara tano katika miaka 55. Watu hubishana juu ya jumla hiyo, wengine wakiona ni neema na wengine wakiona ni mzigo, lakini jumla peke yake haisemi kama tunahitaji madawati, ajira au vitanda vya wagonjwa. Kinachosema ni umri. Mwaka 2022 watoto wenye umri wa chini ya miaka 15 walikuwa asilimia 42.8 ya Watanzania wote, na miaka kumi kabla ya hapo walikuwa asilimia 43.9. Wazee wa miaka 60 na zaidi hawafiki hata 6 katika kila watu 100. Ukilichora taifa kwa umri, watoto chini na wazee juu, unapata umbo la kichuguu: kitako kipana na ncha nyembamba.

Umbo hilo halikai vilevile. Sisi wa Ugogo tunayajua makorongo. Mvua kubwa ikinyesha huko milimani, hapa chini jua linaweza kuwa linawaka na mchanga wa korongo ukawa mkavu kabisa, lakini mwenye akili huwatoa ng'ombe wake mapema, kwa sababu maji yale yamekwisha kuanguka na hayana njia nyingine ya kupita. Watoto waliozaliwa katika mwaka mmoja husafiri pamoja namna hiyo. Watapita zahanati, watapita shule, watafika kwenye ajira na ndoa, na watafika uzeeni, na kila wanapofika tunaijua tarehe yake.

Chukueni watoto walioanza darasa la kwanza mwezi Januari 2016, mwaka ambao waraka wa elimu bila malipo ulianza kutumika. Nilikuwa darasani, na niliandikisha watoto hadi daftari la mahudhurio likaisha nikaongeza kurasa kwa kalamu na rula. Tulishangaa kana kwamba watoto wale wametoka mbinguni, ilhali walizaliwa mwaka 2009 na 2010 na kila mmoja wao alipimwa uzito kliniki. Wengine, ni kweli, walikuwa wakubwa zaidi, waliocheleweshwa nyumbani kwa sababu ya michango. Walihitimu darasa la saba mwaka 2022, na tukashangaa tena walipohitaji vyumba vya kidato cha kwanza. Tutashangaa tena watakapotafuta kazi. Na karibu na mwaka 2070, wale watakaojaliwa uhai watatimiza miaka 60.

Maji haya tumekwisha kuyaona milimani. Naomba tujadili jambo hili moja: kwa nini tunaendelea kushtuka?

Mkulima wa Kongwa

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, ila naona kama hoja yako inaelekea kutuambia tuzae kidogo. Mimi nina watoto sita na sijutii hata mmoja. Sina mshahara wala mfuko wa hifadhi. Mwaka wa mvua nzuri ninavuna alizeti na mtama wa kutosha. Mwaka wa ukame ninakula kilichotumwa na mtoto aliyeko mjini. Ningekuwa na mtoto mmoja, na huyo mmoja akapata matatizo, ningemtazama nani? Mtaalamu akija kunieleza habari za uzazi wa mpango, mimi humwuliza kwanza ni nani atakayenipa shilingi mkononi nikishindwa kushika jembe.

Mwalimu wa Bahi

Ndugu yangu, hujanikosea, na swali lako ndilo zito kuliko yote kwenye uzi huu. Sikusema uzae kidogo. Mzazi asiye na pensheni anaweka akiba yake kwa watoto, na hesabu hiyo ni ya busara, hasa alipokulia mahali ambapo watoto walikufa sana. Tafiti za afya za nchi zinaonyesha kwamba karibu na mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hawakufikisha miaka mitano. Mzazi wa wakati ule aliyetaka watoto wanne wabaki naye hakuzaa wanne.

Utafiti wa 2022 ulikuta vifo hivyo vimeshuka hadi 43 kwa kila 1,000. Hayo ni mafanikio makubwa sana, na tuyaseme kwa sauti. Lakini katika kipindi hicho hicho wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka polepole tu, kutoka 5.6 hadi 4.8. Vifo hupungua kwanza, uzazi hufuata baadaye, kwa sababu watu huhitaji muda wa kuamini kwamba mtoto aliyezaliwa atakua. Katikati ya hayo mawili ndipo kitako cha kichuguu kinapotanuka. Sisi tuko hapo katikati.

Ukitazama vijijini na mijini utaona nchi mbili zinazosafiri kwa mwendo tofauti: mwaka 2022 wastani wa mijini ulikuwa watoto 3.6 kwa mwanamke, na vijijini 5.5. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na wastani wa watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970, juu yetu kabisa. Mwaka 2022 wakawa na 3.4. Kilichosaidia sana kuwashusha ni wasichana kubaki shuleni, watoto kuacha kufa, na huduma ya uzazi wa mpango kumfikia anayeitaka.

Kuhusu shilingi mkononi, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kumwuliza kama aliwahi kuajiriwa. Fedha hizo ni ndogo, ila ni jibu la swali lako.

Muuguzi wa Zahanati

Nami niongeze kutoka upande wa tiba. Zahanati ninayofanyia kazi ilijengwa ikiwa imekusudiwa mama na mtoto: chumba cha kujifungulia, jokofu la chanjo, mizani ya kuning'iniza watoto. Kwa miaka mingi ilitosha. Sasa kila wiki nawapokea wazee wenye shinikizo la juu la damu na kisukari ambao wametembea saa mbili, na wengi wao hawaumwi kitu kinachoonekana, kwa hiyo akipewa dawa za mwezi mmoja na kichwa kikatulia, harudi tena mpaka siku ya kupooza upande mmoja. Homa ya mtoto ina mwanzo na mwisho. Maradhi haya hayana mwisho, na yanahitaji dawa kila mwezi maisha yote.

Nchi yetu ni changa, hilo ni kweli, lakini tusidhani kwamba nchi changa haina wazee. Asilimia yao imetulia huku idadi yao ikiongezeka kila mwaka, kwa sababu jumla yenyewe inakua. Dirisha la wazee lililobandikwa karatasi ukutani halimsaidii mzee ikiwa nyuma ya dirisha hakuna dawa.

Kijana wa Nkuhungu

Heshima kwenu wakubwa. Mimi ni katika wale waliotajwa kwa majina tu huko kijijini. Nilikuja mjini mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahamia hapa, na sikuwa peke yangu. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012, na katika ile ya 2022 tukawa 765,179. Ongezeko hilo halikutoka wodi ya wazazi peke yake. Ni mafundi ujenzi, bodaboda, mama lishe, watumishi waliohamishwa, na wanafunzi wa vyuo. Tembea mtaani kwetu jioni, utadhani hakuna binadamu aliyevuka miaka 40.

Kwa hiyo naona mwalimu ameeleza vizuri habari ya kuzaliwa, ila uhamaji ameugusa tu. Umri wa mkoa mzima unaweza kuonekana wa kawaida, ilhali ndani yake mjini pamejaa vijana na vijijini wamebaki watoto na bibi zao. Na sisi tuliojaa mjini tunaambiwa kila siku kwamba ndio nguvu kazi ya taifa. Nguvu kazi bila kazi ni nini? Nina cheti cha ufundi umeme. Mwezi uliopita nilifanya kazi siku tisa.

Mwalimu wa Bahi

Nakubali kusahihishwa, kijana wangu. Mambo matatu tu ndiyo yanayobadilisha umri wa watu wa mahali popote, yaani kuzaliwa, kufa na kuhama, na kwa ngazi ya kijiji la tatu linaweza kuyashinda mawili ya kwanza.

Siku zako tisa zinagusa kiini cha jambo. Wachumi husema kwamba uzazi ukishuka, baada ya miaka kadhaa nchi hupata kipindi ambacho wenye umri wa kufanya kazi ni wengi kuliko wanaowategemea. Watoto wamepungua, wazee bado ni wachache, na kila anayefanya kazi ana midomo michache ya kulisha, hivyo anaweza kuweka akiba. Nchi za Asia ya Mashariki zilipita katika kipindi hicho zikiwa zimesomesha watu wao na kufungua viwanda, na zikapanda. Mauritius, kisiwa kilichokuwa maskini na kilichotegemea miwa, ilishusha uzazi kutoka takribani watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi chini ya 4 muongo mmoja baadaye, na vijana wake walipokua wakakuta viwanda vya nguo vinafunguliwa.

Sisi bado hatujafika hapo. Kwa kila Watanzania 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wapo zaidi ya 80 walio nje ya umri huo, karibu wote wakiwa watoto. Kipindi chenyewe kiko mbele yetu na kinakuja mara moja. Kikikuta vijana wenye siku tisa za kazi kwa mwezi, kitapita kama maji ya korongo yasiyo na bwawa.

Msomaji wa Singida

Samahani mwalimu, kuna jambo linanichanganya. Nimezoea kusikia kwamba Japani na nchi za Ulaya zimezeeka kwa sababu watu wao wanaishi miaka mingi. Sasa hapa kwetu vifo vimepungua, na wewe unasema kitako kimetanuka. Mbona sisi hatujazeeka?

Mwalimu wa Bahi

Umeuliza vyema, dada yangu, na wengi hujikwaa hapo.

Vifo vinapopungua katika nchi maskini, wanaookolewa kwanza ni watoto wachanga. Ukiokoa watoto, unaongeza watoto. Taifa linakuwa changa zaidi kuliko lilivyokuwa. Nchi huzeeka hasa kwa sababu watoto wanaozaliwa wamepungua, na ule urefu wa maisha huja kuongeza uzito baadaye, pale ambapo walio wengi tayari wanaufikia utu uzima. Korea Kusini mwaka 2023 ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, na Uchina, iliyoweka sera ya mtoto mmoja mwaka 1980 na kuiacha mwaka 2015, ilianza kupungua idadi ya watu wake mwaka 2022. Hata ruhusa ya watoto watatu, iliyotolewa mwaka 2021, haikurudisha uzazi juu. Nchini Japani, karibu watu 3 katika kila 10 wana miaka 65 au zaidi.

Jambo ambalo ningependa mlishike ni mwendo. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kutoka kuwa na wazee wa miaka 65 na zaidi asilimia 7 hadi kufikia asilimia 14. Ilikuwa na muda wa kuanzisha mifuko ya pensheni, hospitali na nyumba za kutunzia wazee huku ikitajirika. Japani ilisafiri umbali huo huo kwa takribani robo karne. Korea Kusini ilikuwa kwenye asilimia 7 mwaka 2000, ikafika 14 mwaka 2018 na 20 mwishoni mwa 2024. Kila anayechelewa kuanza hukimbia zaidi. Sisi tutakuwa miongoni mwa waliochelewa sana, na hatuna sababu ya kudhani tutapewa miaka 100.

Mstaafu wa Mpwapwa

Vijana wangu, nawaandikia nikiwa na miaka 68, baada ya utumishi wa miaka 34. Pensheni yangu ya mwezi ni fedha niliyochangia na fedha wanayochangia walio kazini sasa, na kila mfuko wa pensheni husimama kwa wengi wanaochangia kuwabeba wachache wanaopokea. Katika mtaa wetu, wastaafu tunaopokea pensheni tunahesabika kwa vidole. Waliobaki, ambao ni wakulima, wachuuzi na mafundi, hawapokei kitu, na hakuna aliyewahi kuwafuata akiwaeleza namna ya kuchangia walipokuwa na nguvu.

Kijana wa Nkuhungu, zile siku zako tisa hazikuletei njaa ya leo peke yake. Mwezi usio na mchango ni mwezi unaokosekana kwenye uzee wako. Wewe ndiye nitakayekuhurumia zaidi kuliko yule bibi wa mwalimu, kwa maana bibi yule anao wajukuu saba na binti mmoja anayemtazama. Ninyi mtakuwa na watoto wawili au watatu, nao watakuwa mbali.

Kijana wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Sikuwahi kulifikiria hivyo. Nimejisajili kwenye mfuko kwa njia ya simu mara moja, nikachangia miezi miwili, kisha kazi ikakatika nikaacha.

Mstaafu wa Mpwapwa

Marahaba. Rudi, hata kwa kidogo.

Mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata

Mwalimu, nimesoma tangu mwanzo. Kata yetu ina kikao cha bajeti mwezi huu, na mezani kuna mapendekezo mawili, vyumba viwili vya madarasa ya msingi au chumba cha wagonjwa wa nje kwenye zahanati. Wajumbe wamegawanyika, na kila upande unazungumza kwa sauti kuliko takwimu. Kwa hali yetu, umri huu tunausomaje?

Mwalimu wa Bahi

Ndugu mjumbe, anzeni na majedwali ya sensa ya umri na jinsi kwa wilaya yenu. Makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yako hapa hapa Dodoma. Kumbukeni kwamba mtoto aliyekuwa na miaka 0 katika sensa ya 2022 ndiye anayetakiwa kuwa darasa la kwanza mwaka 2028 au 2029. Msiishie kwenye jedwali, maana kijiji kinaweza kuwa kimebadilika tangu wakati ule. Nendeni kwa muuguzi, mwombeni rejesta ya kliniki ya watoto ya miaka mitano iliyopita, mhesabu waliozaliwa kila mwaka, kisha mlinganishe na daftari la uandikishaji la mwalimu mkuu. Mkiona waliozaliwa wanaongezeka mwaka hadi mwaka, madarasa yenu mnayahitaji kabla hamjayajenga. Mkiona wametulia, basi huenda hitaji lenu kubwa ni meza ya mwalimu wa pili na choo, na chumba cha zahanati kitangulie.

Halafu fanyeni jambo ambalo halimo kwenye majedwali: kila balozi ahesabu nyumba ambazo mtu mzima mwenye nguvu ni mmoja tu, kama ile ya bibi wa mkwaju. Mwaka jana nilipita pale. Yule mtoto wa miezi minne sasa anakimbiza kuku, na mkubwa wao, aliyekuwa na miaka 13, amekwenda mjini kumfuata mjomba wake.

Mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata

Nimekuelewa. Rejesta ya kliniki nitaifuata kesho asubuhi, na mabalozi nitawaandikia leo.